Barua ya wazi: Pakiti zimekwisha, viungo vinavimba, na majina yetu hayamo tena kwenye rejista

Kwa: Waheshimiwa wote wenye dhamana ya matibabu ya ukoma, kuanzia ofisi ya afya ya wilaya hadi makao makuu Kampala.

YAH: UVIMBE NA MAUMIVU YA VIUNGO KWA WATU WALIOMALIZA TIBA YA UKOMA

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, tunaandika hadharani kwa sababu barua za faragha hazikujibiwa. Tulianza kwa msimamizi wa kituo cha afya, akatuambia suala hilo ni la wilaya. Tukapeleka barua wilayani, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, na mpaka leo muhuri huo ndio jibu pekee tulilo nalo. Tulipoulizia, tukaambiwa mhusika yuko semina.

Sisi ni watu wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na vijiji vya jirani. Wapo Wanubi, wapo Walugbara, wapo waliokimbia vita Sudan Kusini na Kongo. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha kwenye benchi la kituo, na ndicho tunachoandikia. Mimi niliyeshika kalamu ni fundi cherehani. Wenzangu wamenituma kwa sababu vidole vya mkono wangu wa kulia bado vinakunjika na kunyooka. Katika kikundi chetu hiyo ni sifa ya kutosha kuwa katibu.

Jambo moja tuliseme mapema lisije likapotoshwa: hatulalamikii dawa za pakiti. Dawa mseto ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 1981, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini, zimetuponya, na tangu 1995 zinatolewa bure duniani kote. Wazee wetu waliougua ugonjwa huu walitengwa na jamaa zao, wakapelekwa kwenye makambi ya ukoma ya Kumi, Nyenga, Buluba, au kisiwani Bwama katika Ziwa Bunyonyi. Sisi tulimeza dawa tukiwa majumbani mwetu, miezi 6 kwa mwenye madoa machache na miezi 12 kwa mwenye mengi. Tunashukuru, na shukrani hiyo haina unafiki.

Shida inaanza pakiti ya mwisho inapokwisha. Kadi inaandikwa kwamba matibabu yamekamilika, jina linatolewa kwenye rejista, na kwa hesabu zenu mgonjwa huyo hayupo tena. Kisha baadhi yetu tunaamka asubuhi viganja vimejaa, vifundo vya vidole vinawaka moto, magoti hayakunjiki kwa sala wala kwa kuchuchumaa jikoni. Tukirudi kituoni, aliyetuhudumia mwaka mzima anatuuliza tumekuja kufanya nini, kwani sisi tumeshapona.

Tumepona bakteria, ndiyo. Haya mengine tutakayoyaeleza tumefundishwa na muuguzi mmoja mstaafu wa enzi za makambi, mtu ambaye akikushika kiwiko anajua hali ya mshipa wako kabla hujafungua mdomo. Ukoma huletwa na bakteria ambaye daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, alimgundua mwaka 1873. Dawa humuua upesi, na mtu aliyeanza kuzimeza haambukizi wengine. Lakini bakteria huyo akifa, mabaki yake hayatoki mwilini siku hiyo hiyo. Kwa mwenye ukoma wa aina nzito, yaani wenye bakteria wengi, hukaa kwenye ngozi na kwenye mishipa ya fahamu kwa miaka. Ni kama kuua nyoka darini ukamwacha huko huko: hakuumi tena, ila nyumba haikaliki. Mwili huyashambulia mabaki hayo, na mapambano hayo ndiyo wahudumu wanayoyaita riaksheni.

Riaksheni ziko za namna mbili. Katika ya kwanza, kinga ya mwili huzinduka ghafla. Madoa ya zamani hugeuka mekundu na kutuna, mishipa ya fahamu huvimba na kuuma, mikono na nyayo zikajaa. Ya pili huwapata waliokuwa na bakteria wengi. Kingamwili hushikamana na mabaki ya bakteria, huzunguka na damu, kisha hutua kwenye ngozi, macho, korodani, figo na maungio ya mifupa. Mtu hupata homa, vinundu vyekundu vinavyouma usoni na mikononi, na viungo vyake huvimba kulia na kushoto kwa pamoja, utadhani ana baridi yabisi. Wenye aina nzito kabisa ya ukoma, karibu nusu yao hupatwa na riaksheni hii ya pili. Inaweza kuja kabla ya dawa, katikati ya dawa, au baada ya dawa kwisha, na kwa wengine hurudi tena na tena kwa miaka. Uganda inapata wagonjwa wapya wa ukoma mamia kadhaa kila mwaka, kwa hiyo watu wa namna hii wataendelea kuwapo.

Kwa hayo, Waheshimiwa, malalamiko yetu ni haya.

1. Uvimbe wetu unaitwa kila jina isipokuwa jina lake.

Ukifika kituoni na homa na viungo vimevimba, cha kwanza ni malaria. Utapimwa, kipimo kitasema huna, na bado utaondoka na dawa za malaria. Safari ijayo ni taifodi. Ukiwa na mvi, ni uzee. Ukiwa mama, ni kazi nyingi za shamba. Ukibahatika kutumwa maabara kubwa, huenda damu ikapimwa baridi yabisi, na hapo ndipo mambo yanapoharibika zaidi, kwa sababu ukoma wenyewe unaweza kukifanya kipimo hicho kisome ndiyo. Daktari asiyeuliza historia yako atakuandikia dawa za baridi yabisi, nawe utaamini.

Kuna jingine linalotuumiza hata kulisema. Ukoma wa aina nzito unaweza pia kudanganya baadhi ya vipimo vya zamani vya kaswende. Mwenzetu mmoja alirudi nyumbani na jibu la namna hiyo, na mumewe hakuhitaji maelezo. Ndoa ile haipo. Swali moja tu, "Umewahi kutibiwa ukoma?", lingemfanya mpimaji atafute kipimo cha pili kabla ya kutoa jibu.

Swali hilo haliulizwi. Sisi nasi hatulitangulizi, maana tunajua nyuso zinavyobadilika na jinsi kiti kinavyosogezwa nyuma.

2. Wanaotambua kuwa ni ukoma, wengi wanatibu kinyume.

Wapo wanaoona vinundu na uvimbe wakasema ugonjwa umerudi, wakamwanzishia mtu pakiti upya. Wapo wanaomkuta mgonjwa katikati ya dawa akiwa na riaksheni, wakamwambia aache dawa, eti zimemkataa. Yote mawili ni makosa. Riaksheni si kurudi kwa ugonjwa, wala si dalili kwamba dawa zimeshindwa. Aliye kwenye pakiti huendelea nazo huku riaksheni ikitibiwa kwa dawa zake. Ni kweli dapsoni inaweza kumletea mtu mzio mkali, mara nyingi katika wiki za mwanzo, na huyo lazima asimamishiwe dapsoni haraka. Basi ndiyo sababu zaidi ya kumtaka mhudumu ajue kutofautisha.

3. Prednisoloni haipo, au ipo mikononi mwa asiyefaa.

Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoharibika.

Dawa ya kutuliza riaksheni kali ni prednisoloni. Ni dawa ya miaka mingi, si ya bei ya kutisha, na vituo vinaijua kwa wagonjwa wa pumu. Haimo ndani ya pakiti za ukoma. Kwa hiyo pakiti zinafika, tena bure, lakini kidonge cha kuokoa mkono usipinde hakifiki. Mwaka 2001 serikali iliondoa ada katika vituo vyake vya afya, na tuliifurahia hatua hiyo. Lakini huduma ya bure isiyo na dawa huishia kwenye kikaratasi cha kwenda kununua dukani.

Mwenye duka la dawa anauza kwa vidonge, kadiri ya noti uliyoshika. Riaksheni ya kwanza hutibiwa kwa dozi inayoanza juu na kushushwa polepole, wiki 12 hadi 24. Nani kati yetu anaweza kununua dozi ya miezi kwa mkupuo? Tunanunua ya siku chache, uvimbe unashuka, tunashangilia, tunarudi shambani na kwenye vyerehani. Halafu uvimbe unarudi kwa hasira. Tunanunua tena. Wapo wenzetu ambao wamemeza prednisoloni kwa mtindo huu mpaka uso umekuwa wa duara na sukari imepanda, na hakuna mhudumu aliyewahi kuwapima shinikizo la damu. Dawa hiyo inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kutoboa tumbo, kulegeza mifupa, kutia ukungu machoni. Minyoo fulani iliyotulia tumboni inaweza kusambaa mwilini na kuua mtu aliye kwenye prednisoloni, ndiyo maana inashauriwa kutibu minyoo kwanza. Na ukiizoea kisha ukaiacha ghafla, mwili unaweza kuzirai.

Haya yote yanazuilika kwa mtu mmoja mwenye mizani, kipimo cha presha, vijiti vya kupima sukari na daftari. Hatuombi mashine.

Kwa riaksheni ya pili inayojirudia, klofazimini, ambayo tayari imo katika dawa za ukoma, inaweza kutolewa nje ya pakiti kwa dozi ya juu kwa miezi kadhaa ili prednisoloni ipunguzwe. Inafanya ngozi iwe nyeusi zaidi, tutavumilia. Vijana wetu pia wamesikia habari za thalidomaidi na wanaiulizia. Ni kweli inatuliza riaksheni ya pili, lakini dawa hiyo ilisababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na mikono na miguu mifupi au isiyokuwapo kati ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kama itatolewa, itolewe na daktari bingwa kwa masharti yote, isije ikafika maduka ya sokoni.

4. Mishipa ya fahamu haipimwi.

Mwenye kiungo kilichovimba huenda ana mshipa unaokufa kimyakimya karibu nacho: kwenye kiwiko, nyuma ya goti, ndani ya kifundo cha mguu. Mshipa ukianza kupoteza nguvu, tiba ikianza ndani ya miezi 6 kuna matumaini ya kuurudisha. Baada ya hapo matumaini hupungua sana. Kuupima ni kugusa ngozi kwa ncha ya kalamu ya wino mgonjwa akiwa amefumba macho, na kumtaka akaze kidole gumba, kidole kidogo na nyayo dhidi ya mkono wako. Kalamu zipo katika kila ofisi. Muda ndio tunaoambiwa haupo, ilhali tumekaa kwenye foleni tangu alfajiri.

5. Uvimbe usiouma.

Huu mnamwachia mtu aende nao nyumbani kwa sababu halii. Mguu uliokufa ganzi unaweza kuvunjika mifupa midogo ndani bila mwenyewe kujua. Kifundo huvimba, huwa cha moto, naye anaendelea kutembea juu yake hadi sokoni. Mkikutana na mtu aliyetibiwa ukoma mwenye kifundo kimoja kilichovimba na hana maumivu, mzuieni kutembea, mfungeni plasta ngumu, mpeni rufaa. Mpaka sasa anapewa pole.

6. Hesabu zenu zinatuficha.

Kiwango kinachotumika kusema ukoma umetokomezwa kama tatizo la afya ya jamii ni chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Lakini anayehesabiwa hapo ni aliyeandikishwa kwenye dawa wakati huo. Mwenye vidole vilivyojikunja na magoti yaliyovimba, pakiti zake zikiwa zimekwisha, hahesabiwi. Dawa zilipopunguzwa kutoka miezi 24 hadi 12 mwishoni mwa miaka ya 1990, idadi ya wagonjwa ilishuka kwa kalamu pia, si kwa tiba peke yake. Hatuna ugomvi na takwimu. Tunachotaka ni safu nyingine kwenye rejista, ya watu waliomaliza dawa na bado wanahitaji huduma. Asiyehesabiwa haagiziwi dawa, na ghala la dawa la taifa haliwezi kupeleka kisichoagizwa.

Tunajua mtajibu nini, maana vipande vya majibu hayo tumeshavisikia mlangoni.

Mtasema sisi ni wachache. Ni kweli. Basi gharama yetu nayo ni chache. Uchache huu ndio mnaojivunia Januari, Jumapili ya mwisho, Siku ya Ukoma Duniani inapoadhimishwa kwa hotuba na fulana. Fulana tunazo. Tunazivaa tukichimba mihogo.

Mtasema prednisoloni ni hatari kuiweka vituo vidogo. Tayari iko mtaani bila msimamizi. Hatari ya kuiweka chini ya muuguzi mwenye daftari itazidije hiyo?

Mtasema wahudumu wapya hawakufundishwa ukoma. Hili tunalikubali, na hatumlaumu kijana aliyetoka chuoni bila kuona mgonjwa hata mmoja. Lakini nchi hii ilikuwa na ujuzi huu. Dokta Wanda Błeńska, Mpolandi aliyekuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitibu wagonjwa wa ukoma Buluba kwa miongo minne na akafundisha wahudumu wa Kiafrika kazi hiyo. Waliofundishwa enzi hizo baadhi bado wako hai, wamestaafu, wanalima. Waiteni kabla hatujawazika.

Mtasema twende hospitali ya rufaa. Tukiwa na barua ya rufaa inayosema tumetibiwa ukoma na tunashukiwa kuwa na riaksheni, tutakwenda, hata kwa kukopa nauli ya bodaboda na basi. Bila barua hiyo tunafika kule kuanza upya na malaria.

Sasa tunachoomba, na tunaomba kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1995, ambayo katika malengo yake ya taifa inaitaka serikali ichukue hatua zote zinazowezekana wananchi wapate huduma za msingi za matibabu. Mkakati wa dunia wa ukoma wa 2021 hadi 2030 nao unataja kushughulikia madhara ya ukoma na kuzuia ulemavu mpya, wala haukusema mwisho wake ni pakiti ya kumi na mbili.

Kila anayemaliza dawa asifutwe. Awekwe kwenye rejista ya ufuatiliaji kwa miaka kadhaa, muda mrefu zaidi kwa aliyekuwa na bakteria wengi, na apewe kadi inayoeleza dalili za kumrudisha kituoni mara moja: viungo kuvimba, vinundu vyenye maumivu, jicho jekundu, ganzi mpya, mkono kulegea. Kadi hiyo ichapishwe kwa Kilugbara, Kiswahili na lugha nyingine za eneo hili.

Prednisoloni ya riaksheni iagizwe pamoja na pakiti za ukoma, kwa hesabu moja, na kila wilaya iwe na angalau kituo kimoja chenye dozi kamili muda wote, klofazimini ya ziada, na mhudumu wa kupima presha, sukari, kifua kikuu na minyoo kabla ya kuianza.

Wahudumu wa vituo wafundishwe kupima mishipa na kutambua riaksheni. Timu za afya za vijiji nazo zifundishwe angalau kuuliza lile swali moja, kwa sauti ya chini, pembeni, pasipo wasikilizaji.

Na mtuteulie mtu. Jina lake na namba yake ya simu vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kituo, ili viungo vikivimba usiku tujue asubuhi tunakwenda kwa nani. Hili halihitaji bajeti.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya mwaka wa fedha ujao kuanza mwezi Julai, ili kama fedha ndiyo kikwazo, madiwani na mbunge wetu, ambao tumewapa nakala ya barua hii, wapate muda wa kuisemea. Tuko tayari kuja ofisini, wilayani au Kampala, pamoja na kadi zetu. Ila mtuitie chumba cha chini. Kati yetu wapo wasioweza ngazi.

Wenu watiifu,

Fundi cherehani, Arua,
kwa niaba ya kikundi cha watu waliotibiwa ukoma

Nakala: Madiwani wa eneo letu, Mbunge wetu, ubao wa matangazo wa kituo cha afya